Mpira wa Magongo Kandokando ya Ziwa

Jioni ya leo napenda tuzungumze habari za mchezo mmoja ambao watu wengi wa nchi zetu za ziwa waliujua kwa macho tu, wakiwa wamesimama nje ya ua. Mchezo huo ni mpira wa magongo, nao kwa jina lililotoka ng'ambo huitwa hoki. Najua kwamba wako watakaosema, "Hayo ni mambo ya Wahindi na Wazungu, yatuhusu nini?" Basi, naomba mnivumilie kidogo, maana jambo hilo hilo ndilo nitakaloliuliza: je, ni kweli kwamba mchezo huu ulikuwa mgeni kwetu?

Kwanza nieleze ulivyo, kwa ajili ya msikilizaji wa kijijini ambaye hajapata kuuona. Huchezwa na pande mbili, kila upande watu kumi na mmoja, kama mpira wa miguu. Kila mchezaji ana fimbo iliyopinda mwisho wake, mfano wa kigoe cha kuangushia maembe. Mpira ni mdogo, waenea katika kiganja cha mkono, nao ni mgumu sana. Ukikupata muundini utakumbuka siku hiyo mwaka mzima. Mpira haushikwi kwa mkono wala haupigwi teke, ila mlinda goli peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuuzuia kwa mguu na kwa mwili wake. Mbele ya kila goli pamechorwa nusu duara, na bao halihesabiwi mpaka mpira upigwe na mshambuliaji ndani ya mstari ule. Zamani mchezo ulianza hivi: watu wawili walisimama wakitazamana, mpira katikati yao, wakagonga chini kwa fimbo, kisha wakagonganisha fimbo zao juu ya mpira, na hivyo mara tatu, baada ya hapo kila mmoja akajitahidi kuunyakua. Kawaida hiyo ya kuanzia mchezo iliondolewa mwaka 1981, lakini wazee waliouona mchezo zamani huikumbuka kuliko mambo mengine yote, kwa sababu ule mlio wa fimbo ulisikika mbali.

Sasa turudi kwetu. Upande wa mashariki wa Ziwa Viktoria, kuanzia nchi za Kisumu na Siaya mpaka Rorya iliyo ndani ya Tanzania, wanakaa Wajaluo. Wajaluo tangu zamani walikuwa na michezo yao ya kupitisha wakati: bao, ambalo huliita ajua, mieleka, ambayo huiita olengo, na mchezo wa tatu ni adhula. Adhula ulikuwa mchezo wa vijana wachungaji. Ng'ombe wakiisha kutulia malishoni, vijana walijigawa pande mbili, kila mmoja na fimbo yake iliyopinda aliyoikata mwenyewe mwituni, wakagombea mpira mdogo mgumu, kila upande ukijaribu kuupitisha mwisho wa upande wa pili. Hapakuwa na mstari uliochorwa wala saa ya kuhesabu dakika. Mchezo ulikwisha jua liliposhuka au ng'ombe walipoingia katika shamba la mtu, na hapo mchezo wa pili ukaanza, yaani mchezo wa kukimbia bakora.

Basi mtu akiweka adhula na hoki mahali pamoja, ataona kwamba ni ndugu. Wala ndugu hawa si wawili tu. Huko Misri, mahali paitwapo Beni Hasan kando ya mto Nile, kuna kaburi lenye umri wa miaka kama 4,000, na ukutani mwake wamechorwa watu wawili wanaotazamana, kila mmoja na fimbo iliyopinda, wakiwa wameziinamisha juu ya kitu cha mviringo. Mtu akiitazama picha ile atadhani wanangoja refa apige filimbi. Waajemi na Waturuki nao walicheza mpira kwa fimbo ndefu wakiwa juu ya farasi. Na nchini Ethiopia, ambayo wazee wetu waliiita Uhabeshi, mchezo wa namna hii huitwa genna, na jina hilo ndilo jina la sikukuu ya Krismasi yao, ambayo huangukia tarehe 7 Januari. Wenyewe husimulia kwamba wachungaji waliposikia habari za kuzaliwa kwa Yesu walifurahi, wakacheza kwa fimbo zao za kuchungia, na ndiyo maana mchezo huchezwa siku ile.

Katika genna kuna desturi moja ambayo naipenda. Wahabeshi husema kwamba siku ya mchezo ule bwana hamkasirikii mtumishi wake. Mkubwa na mdogo huingia uwanjani pamoja, na mtumwa akimpiga bwana wake fimbo ya mguu kwa bahati mbaya, au hata kwa bahati isiyo mbaya sana, hakuna kesi. Naomba mliweke neno hili moyoni, kwa sababu tutalihitaji tutakapofika katika miji yetu wenyewe.

Hoki yenye sheria zilizoandikwa ilitengenezwa Uingereza katika karne ya kumi na tisa. Karibu na London, mahali paitwapo Blackheath, palikuwa na klabu iliyocheza mchezo wenye vurugu nyingi. Baadaye, mwaka 1871, watu wa klabu ya kriketi ya Teddington, ambao kriketi yao ilikuwa ya majira ya joto tu, walitafuta mchezo wa kuwapasha moto wakati wa baridi, wakaanza kucheza kwa mpira wa kriketi juu ya majani yaliyokatwa vizuri. Katika watu hao ndimo zilimotoka nyingi za sheria ambazo tunazijua, pamoja na ile nusu duara ya mbele ya goli. Mwaka 1886 vilabu vikaungana vikafanya chama kimoja. Tazameni jinsi mchezo ulivyogeuka: ule uliokuwa wa wachungaji ukawa wa makarani, mawakili na waalimu, watu wenye Jumamosi mchana bila kazi na wenye fedha ya kulipia kiwanja. Hata wanawake wa Kiingereza walipoomba kuingia katika chama kile walikataliwa, wakaunda chama chao wenyewe mwaka 1895. Kwa hiyo ua ulianza kujengwa huko huko, kabla mchezo haujapanda meli.

Askari wa Kiingereza wakauchukua mchezo mpaka Bara Hindi. Huko ulishika kama moto katika nyasi kavu, hasa katika nchi ya Punjab na katika vikosi vya jeshi, kwa sababu ardhi ya huko ni ngumu na tambarare, mpira huteleza upesi, na mtu mwembamba mwenye mikono myepesi humshinda mtu mnene mwenye nguvu. Kalkuta palikuwa na klabu kabla ya mwaka 1890. Mwaka 1928 timu ya Bara Hindi ilikwenda katika Michezo ya Olimpiki mjini Amsterdam ikatwaa medali ya dhahabu, ikatwaa tena mwaka 1932 na mwaka 1936. Mwaka 1948, mwaka mmoja tu baada ya India kujitawala, iliwashinda Waingereza wenyewe mjini London, tena mbele ya watu wao, mabao 4 kwa 0.

Watu wa Punjab hao ndio waliokuja kwetu na reli. Reli ya kutoka Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1896, ikafika ziwani mwezi wa Desemba mwaka 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu. Kwa kazi ile waliletwa watu kama 32,000 kutoka Bara Hindi. Wengi walirudi kwao, karibu 2,500 walikufa, na kama 6,700 walibaki. Waliobaki, pamoja na wengine waliowafuata, walikuwa mafundi wa chuma, waashi, maseremala, walinzi, na wenye maduka. Wengi katika mafundi walikuwa Masingasinga, watu wa vilemba. Kazi ya ukarani katika ofisi za serikali na reli ilishikwa sana na Wagoa, Wakristo waliotoka katika koloni ya Wareno ya Goa. Mataifa haya mawili, mafundi na makarani, ndiyo yaliyoipenda hoki kupita wengine wote.

Sasa mtu wa Mwanza ataniuliza, "Kisumu ni mbali, sisi tuliunganaje nako?" Jibu ni meli. Kabla ya reli ya Tabora kufika Mwanza mwaka 1928, njia kubwa ya Mwanza ya kwendea pwani haikupita Tabora, ilipita majini. Ngozi, samli, karanga na pamba za Usukuma zilipakiwa melini mpaka Kisumu, zikashuka kwa gari la moshi mpaka Mombasa. Meli ya William Mackinnon iliingia majini mwaka 1900, ikafuatwa na Winifred na Sybil, na baadaye Clement Hill. Meli zile zilipita bandari baada ya bandari, nazo hazikuchukua magunia peke yake. Zilichukua makarani waliohamishwa, mafundi wa vinu vya pamba, wenye maduka na jamaa zao. Kwa njia hiyo Kisumu, Jinja, Entebbe, Kampala, Bukoba, Musoma na Mwanza ikawa kama mitaa ya mji mmoja mrefu uliolizunguka ziwa, na watu wa dukani na ofisini katika miji ile walijuana na kuoana, na kila jamaa walibeba desturi zao za mapumziko kutoka bandari hii mpaka ile.

Mapumziko ya mji wa zamani yalikuwa na saa yake. Ofisi ilifungwa alasiri, jua likapungua ukali, na kabla ya giza ilibaki kama saa moja na nusu. Saa hiyo ilikuwa ndogo kwa kriketi, inayotaka siku nzima, lakini ilitosha kwa hoki, ambayo siku zile ilikuwa na vipande viwili vya dakika 35. Karani aliyekaa kitini tangu asubuhi akiandika hesabu alivua kanzi yake, akavaa kaptura, akaenda kupiga mpira mpaka asipouona. Kisha kulikuwa na chai, na karata, na siku ya mwisho wa juma muziki. Wagoa walikuwa na nyumba zao za mikutano, Goan Institute, katika miji kama Nairobi, Kampala na Entebbe. Masingasinga walikuwa na Sikh Union. Na Waismaili na Wahindu nao walikuwa na vyama vyao. Kila jamii ilikuwa na kiwanja chake au saa yake kiwanjani. Wazungu nao walikuwa na klabu yao upande mwingine wa mji, mara nyingi penye upepo wa ziwa.

Mtu asidhani kwamba mambo haya yalikuwa ya upuuzi. Kwa Mhindi fundi aliyekuwa mbali na kwao, asiyeruhusiwa kuingia katika klabu ya Wazungu na asiyeruhusiwa kununua mashamba katika nyanda za juu za Kenya, kiwanja kile kilikuwa mahali ambapo aliweza kuwa mtu kamili mbele ya wenzake. Timu ya mafundi ikiwashinda maofisa siku ya Jumapili, Jumatatu ofisini kila mtu alijua, ingawa hapakuwa na aliyetamka neno. Lakini yeye naye, aliyefungiwa mlango mmoja, alikuwa na mlango wake aliowafungia wengine.

Nilizungumza na mzee mmoja aliyekulia katika mji mmoja wa ziwa ambao sitautaja. Baba yake alikuwa mchungaji kijijini, naye mwenyewe alikuja mjini akiwa mtoto kukaa kwa mjomba wake. Jioni alikwenda kusimama kando ya kiwanja cha klabu moja, yeye na watoto wenzake, na mpira ukitoka nje waliukimbilia majanini wakaurudisha, wakapewa senti chache. Aliniambia, "Bwana, mimi nilikuwa nikiujua mchezo ule tangu kwetu. Nilijua ni nani atakayekosea kabla hajakosea. Lakini kwa miaka mitatu sikupewa fimbo hata mara moja, na sikuomba, kwa sababu hata kuomba kulikuwa hakujulikani." Walipokwisha wao, watoto walikwenda nyuma ya ghala wakacheza kwa vigoe vyao na kipande cha mzizi wa mti. Nilimwuliza kama aliona uchungu. Alicheka tu, akasema kwamba uchungu aliuona baadaye, alipokuwa mtu mzima akafikiri.

Wengine husema kwamba Mwafrika hakucheza hoki kwa sababu ya gharama. Neno hili lina ukweli, lakini si ukweli wote. Fimbo za dukani, zilizotengenezwa kwa mti wa mforsadi na nyingi zikitoka mji wa Sialkot katika Punjab, zilikuwa za bei kubwa kwa mtu wa mshahara mdogo. Lakini adhula inatuonyesha kwamba fimbo hupatikana mwituni bure. Kilichokatazwa si fimbo, ni uwanja. Tena sheria zenyewe zilitaka mafundisho. Fimbo ya hoki ina uso mmoja tu ulio bapa, nao ni upande wa kushoto, na kupiga kwa mgongo wa fimbo ni kosa. Wala hakuna fimbo ya mtu wa mkono wa kushoto. Kijana aliyezoea kupiga kwa pande zote mbili za kigoe chake hana budi kufundishwa upya, na wa kumfundisha hakuwapo. Wamisheni katika shule zao walileta mpira wa miguu, ambao waweza kufumwa kwa matambara na makamba ya migomba na kuchezwa na watoto arobaini mara moja. Kwa hiyo mpira wa miguu ukaenea katika kila kijiji, na hoki ikabaki ndani ya ua.

Kwa upande wa Usukuma iko sababu nyingine, nayo ni ya furaha. Wasukuma walikuwa na burudani yao kubwa ambayo haikungoja klabu ya mtu. Baada ya mavuno, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vilishindana mbele ya watu wengi mno, kila upande ukijaribu kuwavuta watazamaji wa upande wa pili, na dawa na maringo na hata nyoka wakitumiwa kushinda. Mtu aliyetoka katika shindano kama lile, akapita mjini Mwanza na kuwaona watu ishirini na wawili wakikimbia kimya kimya nyuma ya mpira mdogo, na watazamaji hamsini wakipiga makofi kwa adabu, haifai kumlaumu akiendelea na safari yake.

Mwezi wa Desemba mwaka 1947 lilitokea jambo lililotikisa miji yote yenye hoki katika Afrika ya Mashariki. Chama cha michezo cha Waasia wa huku kiliomba timu ije kutoka India, kikaweka sharti moja: lazima Dhyan Chand awemo. Dhyan Chand alikuwa askari, mtu wa cheo kidogo aliyejifunza mchezo jeshini. Husimuliwa kwamba alifanya mazoezi usiku kwa mwangaza wa mwezi baada ya zamu yake, na ndiyo maana wenzake wakampa jina la Chand, yaani mwezi. Ndiye aliyekuwa nyota wa medali zile tatu za mwaka 1928, 1932 na 1936. Alipofika Mombasa alikuwa na umri wa miaka 42, umri ambao wachezaji wengi wamekwisha kukaa vitini kusimulia habari za ujana wao. Hata hivyo katika michezo 22 alifunga mabao 61. India na Pakistan zilikuwa zimegawanyika miezi michache tu iliyopita, na damu nyingi sana ilimwagika katika Punjab. Watu wa huku walikuwa wakipokea barua za msiba kila wiki. Si ajabu kwamba walimngojea mtu yule kwa hamu kubwa, maana alikuwa wa siku zile kabla nchi haijakatwa vipande viwili.

Mbegu iliota. Mwaka 1956 Kenya ilikwenda katika Olimpiki kwa mara ya kwanza, mjini Melbourne, na timu yake ya hoki ilikuwamo, wengi wao wakiwa Masingasinga na Wagoa. Mjini Tokyo mwaka 1964 ilikuwa ya sita katika ulimwengu, na mwaka 1971, katika shindano la kwanza la Kombe la Dunia mjini Barcelona, ikawa ya nne, nyuma ya Pakistan, Hispania na India. Avtar Singh Sohal alicheza katika Olimpiki nne, kuanzia mwaka 1960 mpaka 1972, na katika tatu za mwisho alikuwa kapteni. Nchi ndogo ya wapenda hoki wachache ilikuwa ikiogopwa na mataifa makubwa.

Lakini nyumba iliyosimama juu ya nguzo chache huanguka nguzo zikiondoka. Tarehe 4 Agosti mwaka 1972 Idi Amin, mtawala wa Uganda, alitangaza kwamba Waasia watoke nchini katika muda wa siku 90. Mwezi ule ule timu ya hoki ya Uganda ilikuwa safarini kwenda Olimpiki ya München, na wengi katika wachezaji wake walikuwa Waasia hao hao. Fikirini hali ya mtu anayevaa jezi yenye alama ya nchi yake, huku nyumbani mama yake anafunga mizigo kwa amri ya nchi ile ile. Uganda haijapeleka tena timu ya hoki katika Olimpiki. Katika Kenya na Tanzania hapakuwa na tangazo kama lile, lakini tangu miaka ya 1960 watu wengi wa jamii zile walihamia Uingereza na Kanada kidogo kidogo. Vilabu vikabaki na majengo mazuri na wachezaji pungufu.

Tanzania nayo ilipata siku yake, na siku ile ilikuwa chungu. Mwaka 1980 mataifa mengi yalikataa kwenda Olimpiki ya Moscow, Kenya ikiwa mojawapo, na katika hoki ya wanaume zikabaki timu sita tu. Tanzania ilikuwa mojawapo. Ilipokutana na India ilifungwa mabao 18 kwa 0; mwisho wa michezo mitano ilikuwa imefungwa mabao 54 na kufunga 3. Watu walicheka, na wengine hucheka mpaka leo. Mimi sicheki. Vijana wale walipelekwa kupigana na watu waliotanguliwa na miaka karibu mia ya vilabu, na wao walikotoka mchezo ulikuwa umefunguliwa kwa watu wengi juzi tu. Yale mabao 3 mimi nayahesabu.

Kisha ukaja ua mwingine, usio wa rangi ya mtu bali wa fedha. Tangu Olimpiki ya Montreal ya mwaka 1976 mashindano makubwa yalihamishwa kutoka majani ya asili yakachezwa juu ya zulia la majani ya kutengenezwa kiwandani, ambalo ni la bei kubwa na lahitaji maji mengi. Mpira hukimbia juu yake kama juu ya sakafu. India na Pakistan zenyewe zilipata taabu, sembuse sisi. Nairobi ilipata zulia lake katika kiwanja cha City Park kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka 1987, na mwaka uliofuata Kenya ikacheza Olimpiki ya Seoul. Baada ya hapo timu ya hoki ya Kenya haikuonekana tena katika Olimpiki.

Mtu angedhani kwamba habari yetu imekwisha, na kwamba mchezo ule ulikuja na reli ukaondoka na ndege. Lakini asimame kwanza Kisumu. Shuleni, hasa katika shule za wasichana, waalimu wa kike waliotoka Uingereza walikuwa wameufundisha mchezo huu kwa utulivu miaka mingi, wakati ambapo hakuna aliyewatazama. Katika shule hapakuwa na klabu ya jamii fulani. Aliyekuwa darasani alikuwa uwanjani. Basi katika miaka yetu hii, shule zinazotajwa kwanza katika hoki ya wasichana wa Kenya ni pamoja na Sinyolo iliyo karibu na Kisumu na Nyamira iliyo katika Siaya, na iko timu ya wanawake wa Kisumu iliyojiita Lakers, yaani watu wa ziwa.

Nchi hizo za Kisumu na Siaya ndizo zile zile ambazo vijana walichunga ng'ombe na kukata vigoe mwituni. Msichana wa huko akienda likizo nyumbani na fimbo yake ya shule mkononi, mzee wa kijiji hahitaji kuelezwa ni kitu gani. Katika Kijaluo jina lake halijabadilika: ni adhula.